Sista Hakuwa na Mtaalamu

Kila mwaka, kati ya Agosti na Oktoba, baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya baraka ya mwisho, mwenyekiti wa parokia yetu huchomoa karatasi nyingine mfukoni. Hiyo ni ya usaili. Shule fulani ya masista itatoa mtihani wa kujiunga na kidato cha kwanza Jumamosi ijayo, fomu zinapatikana ofisi ya parokia, mtoto aje na kalamu, penseli na picha mbili. Wazazi wenye watoto wa darasa la saba hujivuta mbele kidogo kwenye benchi wasikie vizuri. Mimi ni mwalimu mstaafu, wajukuu wangu wameshavuka huko, lakini nami hutega sikio. Nangojea siku nitakayosikia kwamba mtoto asiyeona naye aje, atakuta karatasi yake ya nukta nundu, na asiyesikia aje, atakuta mtu wa kumtafsiria. Bado naingojea.

Mtihani wangu mimi wa kujiunga na shule ulikuwa tofauti. Mwaka 1965, katika misheni moja ya Unyamwezini, tulipangwa mstari mbele ya meza ya mwalimu mkuu, kila mtoto akaambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Aliyelifikia aliandikwa. Asiyelifikia alirudi nyumbani kukua mwaka mmoja zaidi. Hapakuwa na wastani, hapakuwa na orodha ya waliochaguliwa wala waliowekwa akiba. Mbele yangu katika mstari alisimama mtoto wa jirani yetu, kiziwi tangu alipougua homa akiwa anatambaa. Yeye hakusikia alichoambiwa. Alitazama walivyofanya wenzake, akapitisha mkono, akalishika sikio lake lisilosikia, akaandikwa.

Mwalimu mkuu alikuwa sista wa Kizungu aliyesema Kinyamwezi kwa lafudhi iliyotuchekesha hadi tukakatazwa kucheka. Mama wa yule mtoto alimfuata mezani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina, mama."

"Huyu hasikii. Nimemleta kwa kuwa wenzake wote wamekuja, nikaona akibaki peke yake nyumbani atalia."

Sista alimtazama mtoto, akaandika jina, akasema atakaa mbele. Basi. Hakuuliza cheti cha daktari, wala hakusema shule haina mtaalamu, ingawa haikuwa naye. Haikuwa na vitu vingi, ile shule. Tulikuwa na mbao za kuandikia, chaki iliyovunjwa vipande vinne ili itoshe, na madarasa mawili yaliyotenganishwa na ukuta usiofika darini, hivi kwamba sisi wa darasa la kwanza tulijifunza mashairi ya darasa la pili bila kukusudia.

Nilikalishwa naye dawati moja. Kazi yangu ilikuwa kumwonyesha kwa kidole mstari tuliofika. Kusoma sikumbuki kama alijifunza sana mwaka ule, lakini hesabu alinipita, na mwandiko wake ulikuwa wa kuigwa. Sista alipita mara kwa mara akamgeuza uso kwa kidole kidevuni ili amtazame mdomo anapozungumza. Baadaye aliandika barua Tabora, kwa sababu miaka miwili nyuma, mwaka 1963, Kanisa lilikuwa limefungua huko shule ya viziwi, ya kwanza katika nchi. Askofu Mkuu wa Tabora wakati huo alikuwa Marko Mihayo. Lori la misheni lililokwenda mjini kuchukua saruji ndilo lililompeleka mwenzangu, na sanduku lake la bati juu ya mifuko mitupu. Huko Kenya mambo yalikuwa yametangulia kidogo: shule za viziwi za Mumias na Nyangoma, zote za Kikatoliki, zilianza mwaka 1961. Serikali za kikoloni zilikuwa zimeondoka au zinaondoka, Serikali mpya zilikuwa na madeni na ndoto, na mtoto kiziwi aliangukia mikononi mwa mapadre na masista kwa kuwa hapakuwa na mikono mingine.

Nimesikia wazee wenzangu wakiieleza misheni ya zamani kama peponi. Haikuwa. Mimi natumia mkono wa kushoto, na mpaka leo kifundo cha kidole kimoja kinakumbuka rula iliyonifundisha kuandika kwa wa kulia. Mwenzangu katika rejista aliandikwa "bubu", na hakuna aliyeona tatizo. Aliporudi likizo kutoka Tabora tulikwenda kuchunga pamoja, akanionyesha ishara alizofundishwa na wenzake bwenini, si na walimu darasani. Katika shule nyingi za viziwi za enzi hiyo darasani ilitakiwa mdomo utamke, na mikono itulie. Hilo lilikuwa na historia yake Ulaya: mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliamua kuwa kutamka ndiyo njia na ishara ziachwe, na shule za Kanisa nazo zikafuata. Kinachosikitisha ni kwamba aliyeziingiza ishara katika shule, Paris katika karne ya 18, alikuwa padre, Charles-Michel de l'Épée. Padre alifungua mlango, na waliomfuata wakaufunga kwa zaidi ya miaka mia moja. Watoto wakaongea gizani, bwenini, mwanga wa mwezi ukiwasaidia.

Na wale ambao ulemavu wao ulikuwa wa akili hawakufika hata kwenye mstari wa kushika sikio. Waliitwa watoto wa Mungu, kisha wakapewa kazi ya kufukuza ndege shambani. Katekista wetu, mtu mwema kabisa, aliwaacha nje ya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza kwa hoja kwamba hawawezi kukariri. Wasichana wenye ulemavu sikuwaona kabisa. Walikuwapo, najua walikuwapo, kwa sababu nilikuja kuwakuta watu wazima katika nyumba nilizozipita kila siku nikienda shule.

Kwa hiyo siililii misheni. Ninachoona kimepotea ni kitu kimoja tu, jinsi uamuzi ulivyofanyika pale mezani. Mwalimu mkuu alimtazama mtoto kwanza, halafu akatafuta njia. Siku hizi njia inatazamwa kwanza, na ikionekana haipo, mtoto hatazamwi.

Haikutokea ghafla. Mwaka 1969 ilikuja Sheria ya Elimu, Serikali ikazichukua shule nyingi za madhehebu. Lilikuwa jambo la haki kwa namna yake, kwa sababu shule hizo zilikuwa zimewaacha nyuma Waislamu na watu wa mikoa isiyokuwa na misheni, na Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyewahi kufundisha katika shule ya mapadre ya Pugu, hakulikwepa. Kanisa lilibaki na seminari, na shule chache za kuwahudumia wasioona, viziwi na wengine ambao hakuna aliyewagombania. Likaja Azimio la Musoma mwaka 1974 na elimu ya msingi kwa wote. Mimi nikawa mwalimu wakati huo huo, mmoja wa wale waliopikwa haraka haraka, ambao wenye mdomo walituita Ualimu Pasipo Elimu. Darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya 80. Katika umati ule mtoto mwenye uoni hafifu alikaa nyuma, akanakili kutoka kwa jirani yake, na mwisho wa mwaka aliandikiwa mvivu.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1992 makanisa na Serikali vilitia saini makubaliano ya huduma za jamii, na sera ya elimu ya mwaka 1995 ikafungua zaidi mlango wa shule binafsi. Masista na mapadre wakarudi katika elimu kwa nguvu. Wakajenga sekondari za wasichana, shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza, mabweni yenye maji na vyandarua, maabara zenye vifaa. Nani alilalamika? Sisi wazazi tulishangilia. Mabinti waliokuwa wakiolewa darasa la saba wakawa madaktari. Sitaki mtu asome makala haya akadhani nayasahau hayo.

Ila shule mpya hazikurudi na mstari wa kushika sikio. Zilirudi na karatasi ya maswali ya Hesabu na Kiingereza. Na nyuma ya karatasi hiyo kulikuwa na orodha iliyotangazwa kila matokeo yalipotoka: shule kumi bora kitaifa. Baraza la Mitihani liliacha kuitangaza mwaka 2023, uamuzi mzuri uliochelewa, lakini tabia ilikuwa imeshaota mizizi. Nilipostaafu serikalini nilifundisha miaka kadhaa katika sekondari moja ya Kanisa ambayo sitaitaja. Ukutani ofisini kwa mkuu wa shule kulikuwa na ubao, na ubao huo ulikuwa na safu moja iliyokolezwa kwa wino mwekundu: idadi ya waliopata daraja la kwanza. Mkuu alikuwa mtawa mchapakazi, analala saa tano tu kwa usiku, anaamka kusali kabla ya jogoo. Bodi ilipomwita ilimwuliza safu ile. Wazazi walimwuliza safu ile. Askofu alipokuja kwenye mahafali alisifu safu ile. Utamlaumuje mtu kwa kujali anachoulizwa?

Baada ya hapo mengine yalifuata kama mvua baada ya radi. Mwanafunzi ambaye wastani wake ulishuka chini ya kiwango cha shule alikaririshwa darasa au mzazi wake aliitwa ofisini, akazungumzishwa kwa upole, na kutoka na barua ya uhamisho ambayo kwenye karatasi ilisomeka kuwa ni ombi lake mwenyewe. Serikali imewahi kukemea na kuzuia mchujo wa namna hiyo. Upole ule haukukoma. Na ni nani waliokuwa wakizungumzishwa? Sikuwa na mtaalamu wa kuwapima, lakini macho ya mwalimu wa miaka 40 yanaona. Kulikuwa na yule asiyeona ubaoni akiwa zaidi ya mita tatu. Kulikuwa na yule anayesikia sikio moja, tena lile la upande wa dirisha. Na kulikuwa na yule aliyejibu kwa mdomo vizuri kuliko darasa zima ila herufi zilimgeukia kwenye karatasi. Walifukuzwa kwa ulemavu ambao hakuna aliyeuandika popote, wakaondoka wakiamini ni wajinga.

Mama mmoja wa jumuiya yetu ndogondogo alimpeleka binti yake usaili miaka michache iliyopita, shule nyingine kabisa. Binti amevaa kifaa cha usikivu. Alifaulu mtihani, jina likatoka. Siku ya kuripoti kifaa kilionekana, mama akaitwa pembeni.

"Mama, tunampenda sana mtoto wako. Lakini shule yetu haina mtaalamu. Atateseka hapa."

"Sista, amefaulu kama wenzake. Naomba akae mbele tu."

"Tutamwombea, mama. Jaribu shule za Serikali zenye kitengo."

Kitengo cha elimu maalumu kilicho karibu kilikuwa na walimu wawili na watoto wa ulemavu wa aina nne katika chumba kimoja. Mama alinisimulia haya tukitoka Misa, bila hasira, kama mtu anayeeleza bei ya mahindi. Hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa ameshakubali kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo.

Najua jibu la wakuu wa shule, kwa maana nimekaa nao mezani. Watasema gharama. Ni kweli. Mashine ya nukta nundu si kalamu ya wino, mkalimani wa lugha ya alama hulipwa mshahara, na shule binafsi haipati ruzuku anayopewa mtoto katika shule ya Serikali. Hapa nina ugomvi na pande zote mbili. Katika afya, Serikali na makanisa walielewana siku nyingi: hospitali ya misheni inaitwa hospitali teule, Serikali inapeleka waganga na wauguzi wake na kuwalipa, na hakuna anayeona ajabu. Kwa shule maalumu za makanisa pia, kwa miaka mingi, Serikali imekuwa ikipeleka walimu. Kwa nini mwalimu mmoja wa elimu maalumu asipelekwe katika sekondari ya kawaida ya masista ikikubali kupokea watoto kumi wenye ulemavu? Sijasikia katibu wa elimu wa jimbo akilidai hilo kwa sauti ile ile anayodai kupunguziwa kodi.

Tena mtaalamu hatoki mbali. Chuo cha Patandi, Arusha, kimekuwa kikiandaa walimu wa elimu maalumu miaka yote hii. Kanisa lenyewe lina chuo kikuu Tabora kinachobeba jina la Askofu Mkuu Mihayo, na kinafundisha shahada ya elimu maalumu. Wahitimu wake wanatafuta kazi. Mji ule ule uliompokea mwenzangu na sanduku lake la bati sasa unatoa walimu wenye digrii, na shule za Kanisa hilo hilo zinasema hazina mtaalamu. Mnisamehe, lakini hilo silielewi.

Sheria nayo haikosekani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mikakati ya elimu jumuishi imeandikwa, ikaisha muda, ikaandikwa mingine. Kanisa nalo halijakaa kimya: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake kuhusu malezi ya Kikristo, ulizitaja shule za wanaohitaji uangalizi wa pekee. Tamko hilo lilitolewa Oktoba 1965, mwaka ule ule ambao sista wetu aliandika jina mezani bila kusoma tamko lolote. Mwongozo wa Katekesi wa mwaka 2020 umesema wazi kwamba mtu asinyimwe sakramenti kwa sababu ya ulemavu. Yule katekista wetu, Mungu amrehemu, angeshangaa. Karatasi zimesogea mbele sana kuliko geti la shule.

Na watoto wenyewe si wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, 11 hivi wana ulemavu wa aina fulani. Wengi wao ni watu wazima na wazee, tukubali, lakini shule ya wanafunzi 600 isiyo na hata mmoja haijabahatika. Imechuja.

Nimeona kinyume chake pia, mara moja, na ilinitosha kujua kwamba haya si majaliwa. Ilikuwa shule ya msingi ya parokia, masikini kuliko nyingi ninazozisema. Mwalimu mkuu wake, padre kijana, alimpokea mtoto mwenye ualbino ambaye wazazi walikuwa wakimficha tangu mauaji yale ya watu wenye ualbino ya kuanzia mwaka 2006 na kuendelea. Alichofanya hakikuhitaji mfadhili. Alihamisha dawati mbali na dirisha. Aliruhusu kofia pana darasani na uwanjani, akatangaza mstarini kwamba ni sehemu ya sare. Alimwagiza mwalimu kusoma kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Aliomba maandishi makubwa kwa ajili ya mtihani wa taifa, jambo ambalo Baraza la Mitihani hulitoa likiombwa, na wakuu wengi hawaombi kwa kuwa hawajui. Halafu alipanga watoto watano wa kijiji kile wamsindikize njiani, asitembee peke yake. Walimu wenzake walimwona anajitafutia kazi. Baada ya muhula mmoja nao walikuwa wakisoma kwa sauti bila kukumbushwa, na watoto wengine wawili wasioona vizuri, ambao hakuna aliyewajua, wakaanza kufaulu.

Hapo ndipo nilipojua nguvu ya mtu mmoja ofisini. Sheria haipangi madawati wala sera haisimami mstarini saa moja na nusu asubuhi. Mkuu wa shule ndiye anayeamua darasa la kidato cha kwanza liwe chini au ghorofani, ndiye anayechagua mwalimu wa kwenda kozi, ndiye anayesikika akisema "mtoto wetu" au "yule kilema". Akibadilishwa, kila kitu huweza kubadilika katika wiki mbili. Yule padre alihamishiwa parokia nyingine baada ya miaka michache, kama ilivyo desturi ya majimbo yetu. Aliyemfuata aliikuta kofia pana, akauliza nani ameruhusu.

Mwenzangu wa dawati la 1965 alikuwa fundi seremala. Ndiye aliyetengeneza viti vya madhabahuni katika kanisa la parokia yetu ya zamani. Kila Jumapili alikaa karibu navyo, akafuata Misa kwa kutazama watu ili ajue wakati wa kusimama, maana hapakuwa na wa kumtafsiria mahubiri. Alifariki akiwa na wajukuu tisa.

Wajumbe wa bodi za shule zetu, na ninyi makatibu wa elimu wa majimbo: mnapokaa kupokea matokeo, mkuu wa shule atawafungulia ukurasa wa daraja la kwanza. Msikilizeni, mpongezeni, halafu mwulizeni mwaka huu amepokea watoto wangapi wenye ulemavu, wangapi wameondoka, na kwa nini. Mwulizeni tena mwaka ujao. Akijua ataulizwa, atatafuta jibu.